Mwanangu, kuhusu hicho kiwanda cha mafuta

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Mama yako hajambo, mihogo imeshika vizuri, na macho yangu yako vilevile: matone asubuhi, matone usiku.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kile chuo ulichoomba kazi ya kufundisha kimemchukua mwingine, na sasa uko Singida kwenye kiwanda cha alizeti, nguo zinanuka mashudu, na kazi yako kutwa ni kupima asidi ya mafuta. Kisha ukaniuliza: "Baba, hii nayo ni kemia, au miaka yangu imepotea bure?"

Mwanangu, kuna mtu nilikuwa nawasimulia vijana wa kidato cha nne, lakini kengele ilikuwa ikinikimbiza, nawapa sifa zake tu. Wewe nikupe yale ya kiwandani.

Percy Julian alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899, mjukuu wa watumwa. Mji ule haukuwa na sekondari ya serikali kwa mtoto mweusi, kwa hiyo alipofika Chuo Kikuu cha DePauw, jimbo la Indiana, ilibidi asome masomo ya chuo huku akifidia yale ya sekondari. Bweni hakupewa. Alilala darini kwenye nyumba ya wanafunzi wazungu, akiwachochelea moto wa tanuri ili apate pa kulaza kichwa. Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Harvard ilimpa shahada ya uzamili ila ilimnyima nafasi ya kufundisha, wakihofia wanafunzi wazungu wasingemkubali. Udaktari aliufuata Vienna, Austria, akaupata mwaka 1931.

Sasa njoo kwenye maharage. Kuna maharage yanayoota Calabar, Nigeria, ambayo Waefik waliyatumia kwa kiapo: mshukiwa wa uchawi hunyweshwa, akitapika amesalimika, akifa hukumu imepita. Sumu hiyohiyo, kiasi kidogo mno, ikidondoshwa jichoni hufanya mboni isinyae na presha ya jicho ishuke. Inaitwa fisostigmini, na ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za presha ya macho. Matone yangu ya leo ni ya aina nyingine, lakini unajua kwa nini hapo huwa nasimama.

Julian na mwenzake Josef Pikl walitaka kuitengeneza maabarani, wakiwa DePauw. Oxford, Uingereza, nako alikuwapo Robert Robinson, jina kubwa kuliko yote katika fani hiyo, na alikuwa ametangaza hatua zake kwenye njia hiyohiyo. Julian akaona kwamba kitu alichopata Robinson sicho. Akaandika hivyo hadharani, mtu asiye hata na kazi ya kudumu. Ushahidi ulikuwa kitu kidogo unachokijua: pasha chembe moto polepole, angalia kipimajoto, ona inayeyuka kwenye nyuzi ngapi. Ya kwake ikalingana na ile ya asili. Hiyo ilikuwa 1935.

DePauw haikumpa uprofesa hata baada ya hapo. Ndipo mwaka 1936 akaingia Glidden, Chicago, kampuni ya rangi iliyokuwa ikikamua soya. Kampuni ya rangi, mwanangu! Mwanakemia aliyemsahihisha Robinson akawekwa kwenye mafuta na mashudu.

Kwenye mashudu hayo akatoa protini safi ya kupaka karatasi badala ya ile ya maziwa, na protini ya soya ikawa povu la kuzimia moto wa petroli lililotumiwa na wanamaji wa Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili.

Halafu siku moja akaitwa: maji yamevuja na kuingia kwenye tangi kubwa la mafuta ya soya, mafuta yameharibika, kuna uchafu mweupe umejitenga. Mwingine angeagiza yamwagwe. Yeye alikumbuka kwamba mafuta ya yale maharage ya Calabar, alipoyaosha na kuyaacha yatulie, yaliwahi kumtolea fuwele nyeupe za stigmasteroli, kemikali ya asili ya mimea. Akazitafuta ndani ya tope lile, akazikuta. Kutokana nazo akatengeneza progesteroni, homoni inayoshikilia mimba, ambayo kabla ya hapo ilipatikana kidogo sana na kwa bei ya kutisha. Mwaka 1949 akafuata na njia ya kutengeneza kitu kinachokaribia kortizoni, dawa ya baridi yabisi, kikipungukiwa na atomu moja tu ya oksijeni.

Usinielewe vibaya. Sisemi waliomfungia milango walimtendea hisani. Walimdhulumu, na nyumba yake ya Oak Park, karibu na Chicago, ilitiwa moto mwaka 1950 kabla hajahamia, ikarushiwa baruti mwaka uliofuata, wakati tayari alikuwa bingwa. Wewe nawe una haki ya kusikitika kwa nafasi uliyoikosa. Sikitika, kisha rudi kwenye tangi.

Maana umeniuliza kama kupima asidi ni kemia. Ile asidi huru ndiyo inayokwambia mbegu zilikaaje ghalani, kama zililowa, kama zilianza kuvunda kwenye magunia kabla hazijafika kwenu. Unaposimama mbele ya bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia, ukisubiri ile rangi ya waridi hafifu ibaki isipotee, unamsoma mkulima na dereva wa lori na mvua ya mwezi uliopita. Andika namba hizo kwenye daftari lako mwenyewe, na kijiji zilikotoka mbegu. Usiziache kwenye fomu za kiwanda peke yake.

Na lile tope jeupe ulilosema vijana wanalikwangua chini ya tangi wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba? Kwa alizeti, mara nyingi hiyo ni nta inayotoka kwenye maganda ya mbegu. Mafuta yakipoa inaganda na kushuka. Lakini huko ni kukisia nikiwa Morogoro. Wewe uko karibu nalo. Lipashe moto polepole, uone linayeyuka kwenye nyuzi ngapi.

Ukija likizo niletee kichupa kimoja, ukiandike tarehe. Tutakiweka dirishani, upande wa jicho langu zima.

Ni mimi baba yako.