Ibara kumi na saba kabla ya kufunga begi

Kama umepata barua ya kukubaliwa kwenye kozi ya kiangazi ya sheria na sera za anga za juu, hongera. Sasa, kabla hujaanza kuhangaikia nauli na koti, chapisha Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 uusome wote. Una ibara 17 tu; chai haitapoa kabla hujaumaliza. Mimi sikuusoma. Nilisoma makala za watu waliousoma, nikatazama video za roketi zinazorudi na kutua wima, nikajiona nimeiva.

Siku ya tatu mhadhiri alitupa kisa. Kampuni binafsi imerusha setilaiti, imegongana na setilaiti ya nchi nyingine. Nani aulizwe? Nikanyoosha mkono kabla ya wote. Kampuni, nikasema, kwani mali ni yake. Yule mzee akanitazama kwa upole, akauliza maneno mawili: "Ibara gani?" Sikuwa na ibara. Nilikuwa na maoni, nayo hayakuwa na pa kukaa. Jirani yangu, msichana ambaye hata sheria hakusomea, akafungua karatasi zake akasoma Ibara ya VI: nchi ndiyo inayobeba wajibu wa kimataifa kwa shughuli za anga za juu za watu wake, ziwe za serikali au za watu binafsi, na hizi za binafsi lazima nchi iziidhinishe na kuzisimamia wakati wote. Kampuni unaweza kuipeleka mahakamani huko nyumbani kwake, kwa sheria za huko. Kwenye meza ya mataifa, anayeketi ni serikali.

Basi kila utakapojisikia una jibu, jiulize kwanza: ibara gani? Swali hilo limenisaidia kuliko daftari zima la maelezo niliyoandika wiki hizo mbili.

Kiswahili nacho kitakupa mtihani wake. Anga ni pale anaporuka mwewe, ni pale inapopita ndege ya Mombasa kwenda Nairobi, na ni huko huko uliko mwezi. Ukisema nyumbani kwamba unasomea sheria ya anga, shangazi atakuuliza kama utapata kazi uwanja wa ndege. Nilidhani upungufu ni wa lugha yetu, mpaka nilipokuta kwamba mataifa yenyewe hayajakubaliana anga ya ndege inaishia wapi na anga za juu zinaanzia wapi. Wengi hutaja kilomita 100, mstari wa Kármán, ila hakuna mkataba wa Umoja wa Mataifa ulioandika namba hiyo. Na tofauti ni kubwa. Huku chini, kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ni mwenye nyumba juu ya ardhi yake, na anayepita hupiga hodi. Kule juu, kwa Ibara ya II ya mkataba wa 1967, hakuna nchi inayoweza kujimilikisha kitu, iwe kwa kutangaza mamlaka, kwa kukitumia au kwa kukikalia. Jizoeze kusema "anga za juu" kamili, hata kama ulimi unachoka.

Mikataba ni mitano kwa jumla. Baada ya huo wa kwanza kuna wa kuokoa wanaanga wa 1968, wa dhima wa 1972, wa usajili wa 1975 na wa Mwezi wa 1979. Huo wa mwisho umeridhiwa na nchi chache sana, na zile zinazopeleka watu angani kwa roketi zao hazimo. Utausoma kwa ajili ya mabishano zaidi kuliko kwa ajili ya kazi.

Wa dhima, huo upe siku nzima. Kwanza tenganisha wajibu na dhima kichwani mwako: wajibu ni kusimamia, dhima ni kulipa. Kiingereza kina maneno mawili kama sisi, lakini nakala ya Kifaransa ya mkataba wa 1967 inatumia neno lile lile kwa yote mawili, na nakala zote tano, yaani Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kihispania na Kichina, zina nguvu sawa. Wenzako waliosoma kwa Kifaransa watabishana na wewe nusu saa kabla hamjagundua kwamba mnasema jambo moja. Kisha shika kanuni yenyewe. Kitu kikianguka kikadhuru watu au mali ardhini, au ndege iliyo angani, nchi iliyokirusha inalipa bila kuulizwa kama ilikosea. Vitu viwili vikigongana huko juu, lazima uonyeshe kosa. Ndiyo maana ule mgongano wa Februari 2009, setilaiti ya Iridium 33 ya kampuni ya Kimarekani na Cosmos 2251 ya Kirusi iliyokuwa imeshakufa, unafaa sana kwa mjadala wa usiku: aliyekuwa hai anaweza kukwepa, aliyekufa hawezi, sasa mwenye kosa ni nani?

Kisa cha ardhini ambacho kila mwalimu atakitaja ni cha Kanada. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Cosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilianguka kaskazini ya nchi hiyo na kutawanya vipande vyenye mionzi. Kanada ilidai zaidi kidogo ya dola zake milioni 6, na mwaka 1981 ikakubali milioni 3. Kijue, lakini usiishie hapo. Wewe unacho kingine, cha karibu zaidi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500, yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi, ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya likaja kuichukua, likaeleza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Hakuumia mtu. Nilipokitaja kisa hiki, darasa zima lilinigeukia, kwa sababu wengi wao walikuwa wanasoma vitu hivi kama hesabu za kwenye karatasi.

Ukikitumia, usikimbilie kutaja fidia. Anza na swali gumu zaidi: kitu hiki ni cha nani? Bila kujua aliyekirusha, mkataba wote umekaa kabatini. Halafu ujue kwamba mwanakijiji hawezi kuutumia mkataba huo yeye mwenyewe kuidai nchi ya kigeni. Ni serikali yake inayopeleka dai kwa njia za kibalozi, na muda ni mwaka mmoja tangu madhara yatokee, au tangu aliyekirusha ajulikane.

Nilikulia upande wa Malindi, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili, ambalo nalipenda zaidi. Pale Ngomeni, San Marco kwetu lilikuwa jina la kawaida tu: majukwaa ya Waitaliano baharini, na baba wa rafiki yangu aliwahi kuwa mlinzi huko. Kwenye kozi nikatambua kwamba nina hazina. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa lile, na Wamarekani wakaiita Uhuru. Setilaiti ya Marekani, roketi ya Marekani aina ya Scout, jukwaa la Waitaliano, bahari ya kwetu. Mkataba wa dhima unasema nchi iliyorusha ni ile inayorusha, au inayoagiza kurushwa, au ambayo eneo lake au mitambo yake imetumika. Ukihesabu hivyo, nikasema, Uhuru ina wazazi watatu, na Kenya ni mmoja wao. Na utamu zaidi: mkataba huo haumlindi raia dhidi ya nchi yake iliyorusha. Kipande cha Uhuru kingemwangukia ng'ombe wa mtu Ganda, je, mwenye ng'ombe angebaki mikono mitupu?

Nilikesha siku mbili na hoja hiyo. Tulipoiwasilisha, mwanafunzi mmoja wa uhandisi, ambaye nilidhani amesinzia, akauliza: "Mkataba wa dhima ni wa mwaka gani?" 1972. Na Uhuru ilirushwa 1970. Kisha akauliza kama jukwaa lilikuwa ndani ya maji ya Kenya kwa mipaka ya wakati ule, na kwa hesabu ya nani. Kikundi kizima kikanitazama mimi. Hoja haikufa, lakini ilibidi tuianze upya, safari hii na tarehe pembeni ya kila sentensi. Kwa hiyo kwenye "ibara gani?" ongeza "tarehe gani?": mkataba ulianza kutumika lini, nchi hii iliuridhia lini, kitu kilirushwa lini.

Na huyo mhandisi, mfanye rafiki siku ya kwanza. Sisi wanasheria tuna tabia ya kukaa pamoja kama kuku kwenye mvua. Kazi ya kikundi ndiyo roho ya kozi hizi. Mnapewa mradi wa kubuni, mnaandika, siku za mwisho mnautetea mbele ya watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Kikundi chenye wanasheria watano na hakuna ajuaye obiti, ile njia ambayo setilaiti huzungukia, ni nini kitaandika kurasa nzuri za upuuzi. Muulize akueleze mpaka uelewe kwa nini setilaiti ya chini huzunguka dunia kwa saa moja na nusu hivi, na kwa nini ile iliyo juu ya ikweta kwenye kilomita 35,786 huonekana imesimama. Sisi husema mpanda ngazi hushuka. Ya huko juu kabisa haishuki yenyewe; ikiisha kazi husukumwa juu kidogo zaidi, ikaachwa kwenye makaburi ya setilaiti.

Namba hiyo ya 35,786 inanileta kwenye jambo ambalo nitalisema kwa kirefu, kwa sababu litakukuta. Siku moja mhadhiri, si yule mzee, alilitaja Azimio la Bogotá kama kichekesho, na darasa likacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikulijua. Jioni nikalitafuta. Desemba 1976 nchi za ikweta zilikutana Colombia na kutangaza kwamba obiti hiyo iliyo juu yao ni rasilimali yao ya asili. Kati ya waliotia sahihi ni Kenya, Uganda, Zaire na Kongo ya Brazzaville. Kisheria hoja ilikuwa dhaifu, Ibara ya II ilishaifungia mlango, na nchi nyingine ziliikataa. Hilo ni kweli. Lakini soma malalamiko yaliyo nyuma yake: nafasi ni chache, wenye pesa wanazichukua kwa kanuni ya wa kwanza kufika, na sisi tutakapofika tutakuta ukumbi umejaa. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lile la Geneva linalosimamia masafa ya mawimbi ya redio, lilikamilisha mpango wa kuitengea kila nchi sehemu yake kwa baadhi ya masafa. Na katiba ya shirika hilo leo inasema obiti na masafa ni rasilimali zenye kikomo, zitumike kwa haki, kwa kuzingatia mahitaji ya nchi zinazoendelea na mahali nchi fulani zilipo. Walishindwa kesi, lakini kilio chao kilisikika. Kesho yake nikamwendea mhadhiri wakati wa kahawa nikamwambia hivyo, na tarehe nikiwa nazo. Alinisikiliza vizuri, akaniomba karatasi yangu.

Sijui kama ningethubutu kuinuka darasani. Kama wewe unaweza, inuka.

Mchezo ule ule unaendelea, na waliokaa mezani si wale tu uliowazoea. Mwaka 2021 Rwanda ilipeleka Geneva maombi ya mfumo wa setilaiti zaidi ya 300,000. Jiulize nani ananufaika nchi ndogo inapokuwa mlango wa kampuni, na Ibara ya VI inamwachia nani mzigo wa kusimamia.

Mengine ni ya haraka. Viza ianze mapema kuliko unavyodhani, kwa maana barua ya mwaliko huchelewa na ubalozi haukusubiri. Kama bado hujapata nafasi, itazame kozi ya wiki mbili ya Kituo cha Ulaya cha Sheria ya Anga za Juu, kilichoanzishwa 1989 kwa ulezi wa Shirika la Anga la Ulaya. Soma masharti ya nani anaruhusiwa kuomba kabla hujaandika barua. Kwa walio vyuoni nyumbani, mlango mzuri zaidi ni mashindano ya kesi za kuigiza yanayoitwa Manfred Lachs. Yana duru ya Afrika, na fainali huamuliwa na majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Lachs mwenyewe alikuwa jaji wa mahakama hiyo.

Kuhusu kazi, sikufichi. Watu wengi huingia wakiota madini ya Mwezini na hutoka wakijaza fomu za masafa. Mimi sasa nashughulika zaidi na leseni: nani anaruhusiwa kuuza intaneti ya setilaiti katika nchi gani, vifaa vyake viidhinishwe na nani, malalamiko yapelekwe wapi. Tangu Starlink ianze kuuza huduma Kenya mwaka 2023, maswali hayo yamekuwa ya mkate wa kila siku. Kwa hiyo siku ya mhadhara wa masafa, ambao wenzako watautoroka kwenda kutembea mjini, kaa mbele. Tulikuwa tisa chumbani siku hiyo, na watu wawili kati yao ndio ninaowaandikia hadi leo nikikwama.