Maji Hayapigi Hodi: Maswali Yenu Kuhusu Kebo za Nje

Fundi, mvua ikinyesha picha ya televisheni inaganda, na hairudi mpaka jua liwake siku nzima. LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, nimeshabadilisha mara mbili. Tatizo liko wapi?

Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi yenyewe, lakini ikikatika picha hurudi baada ya dakika chache. Ikisubiri jua, shuku kwamba maji yameingia kwenye maungio ya kebo. Kabla hujanunua LNB ya tatu, fungua konekta pale kwenye dishi uitazame. Waya wa katikati unatakiwa ung'ae. Ukiukuta na unga wa kijani au kutu, jibu umelipata. Kisha chuna ganda la kebo uangalie wavu wake, zile nyuzi za chuma zilizosukwa chini ya ganda. Nyuzi zile hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, kwa hiyo maji hayaishii kwenye konekta. Mimi hukata kiganja kimoja kimoja hadi nikute wavu unaong'aa, na nimewahi kukata zaidi ya mita nzima. Inauma, lakini konekta mpya juu ya wavu uliofifia ni kazi bure. Tena king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwa LNB kupitia kebo hiyohiyo, na umeme ukikutana na unyevu shaba huliwa upesi sana.

Nilizungushia tepu nyeusi ya umeme. Baada ya mwaka imelegea na gundi inanata mikononi. Nilikosea?

Tepu ile peke yake haizuii maji. Jua huilainisha gundi, ncha inafunguka, maji yanaingia na kukosa pa kutokea. Kinachofaa ni tepu ya mpira isiyo na gundi, ile inayojishika yenyewe. Kaza konekta kwanza, kwa mkono kisha spana ya 11 kidogo tu. Futa vumbi na unyevu. Bandua karatasi ya tepu, ivute mpaka upana wake ukaribie nusu, na uanzie chini, kwenye ganda la kebo, ukipanda kuelekea LNB. Kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Mwezekaji naye huanzia chini, ili makuti ya juu yamwage maji juu ya yale ya chini. Ukizungusha kutoka juu kwenda chini unatengeneza vijaluba vya kukingia mvua. Mwishoni acha kuvuta. Baada ya muda mpira unakuwa kitu kimoja, huoni mzunguko ulianzia wapi. Hapo sasa ile tepu nyeusi ina kazi: ipitishe juu, nayo kutoka chini kwenda juu, iukinge mpira na jua.

Silikoni je?

Inusie. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba. Usiitumie kabisa.

Konekta zangu za aina ya N zina mpira wa kuzuia maji ndani. Bado nizifunge?

Zifunge. Mpira ule husaidia kweli, ila huchakaa, na hauzuii maji yanayopenya nyuma, pale kebo inapoingia kwenye konekta. PL-259, konekta nyingine ya kebo za antena za redio, haina hata huo mpira, kwa hiyo usiiache wazi nje hata usiku mmoja.

Maji yanatiririka juu ya kebo hadi ndani ya nyumba, ukutani pamelowa.

Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu ndipo ipande kuingia. Maji yatadondoka pale chini. Tundu nalo litobolewe likiinamia nje.

Nikitaka kufungua siku moja, si nitaharibu kila kitu?

Zungusha tabaka moja la tepu ya kawaida kwanza, ndipo uweke mpira juu yake. Siku ya kufungua, pasua kwa wembe kwa urefu, taratibu usifike kwenye kebo, halafu bandua. Lote linatoka kama ganda, na konekta uikute inang'aa kama ulivyoiacha.