Rafu ya juu ya meko: acha Julai ipite kwanza

Dada, umesema umehamia nyumba ya zamani ya mawe huko Kileleshwa, yenye meko sebuleni na rafu ya mawe juu yake inayokaribia urefu wa mita 2. Umepanga vinyago, mishumaa, saa na fremu za picha, na kila ukiitazama unaona duka la zawadi. Tena mzee wa nyumba anataka televisheni itundikwe papo hapo. Mimi naishi Lavington katika nyumba ya aina hiyo hiyo, na rafu yangu nimeipanga na kuipangua kwa miaka mingi, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza, teremsha kila kitu. Rafu ibaki tupu mpaka msimu wa baridi uishe. Najua inauma, kwa sababu umeshanunua, lakini meko hayo bado huyajui, na moto ndio utakaokuonyesha nini kinaweza kukaa wapi.

Picha nyingi tunazozitazama mtandaoni zimepigwa Ulaya na Marekani, ambako moto huwashwa Desemba, kwa hivyo rafu hupambwa kwa matawi ya misonobari na soksi za Krismasi huku kuni zikiwaka chini yake. Mwaka wetu Nairobi uko kinyume. Desemba ni jua na watoto wako nje. Sisi moto wetu ni wa Juni, Julai na Agosti, wakati mawingu yanapotanda siku nzima na usiku unashuka mpaka nyuzi 12 au chini ya hapo. Hapo ndipo watu wote wa nyumba husogea mekoni, vikombe vya chai hutafuta pa kuwekwa, na mtu husimama ameegemeza kiwiko kwenye rafu akipiga gumzo. Rafu iliyojaa vinyago Julai ni kero tupu. Ndiyo maana mimi hupamba kidogo wakati wa baridi, na kwa wingi kuanzia Septemba moto unapolala.

Sasa fanya hivi. Jioni ya baridi washa moto wa kawaida, uache uwake kwa saa moja hivi, kisha pitisha kiganja juu ya rafu toka mwisho mmoja hadi mwingine. Utakuta katikati pana joto na ncha zote mbili zina ubaridi wa jiwe. Nyumba nyingine joto huegemea upande mmoja kwa sababu ya jinsi dohani ilivyojengwa. Panapokataa kiganja kutulia, usiweke nta, plastiki, picha ya karatasi wala kitu cha mbao. Tazama pia ukuta ulio juu ya mdomo wa meko. Ukiona utando mweusi, dohani haivuti vizuri: pengine imejaa masizi, pengine ndege wamejenga kiota. Mwite fundi aisafishe kabla hujafikiria pambo lolote. Na masizi yaliyoganda kwenye mawe yasugue kwanza kwa brashi kavu. Ukianza na maji, yatazama ndani ya jiwe na hutayatoa tena. Tafadhali usipake rangi mawe hayo. Jiwe la kijivu lililochongwa kwa patasi, ukilitazama kwa karibu, lina alama za mkono wa fundi kila upande, na rangi huzifunika zote, kisha baada ya misimu michache ya moto huanza kubanduka.

Kama kuna anayetaka kukubadilishia rafu ya mawe akuwekee ya mbao, mwambie kuhusu umbali. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani hukataza mbao yoyote ndani ya inchi 6, yaani kama sentimita 15, kutoka kwenye mdomo wa meko, na mpaka inchi 12 mbao hairuhusiwi kuchomoza ila kidogo sana. Ni kipimo kizuri kukifuata hata huku kwetu.

Tukija kwenye vitu vyenyewe. Umetaja vinyago. Vya mbao, kama vile vya Wakamba wanaochonga Wamunyu, ni vizuri mno, lakini vingi huchongwa mti ukiwa haujakauka sawasawa. Juu ya moto mti huo huendelea kukauka, na siku moja utaona ufa mwembamba kama unywele ukianzia shingoni mwa swala na kushuka mgongoni. Viweke nchani, mbali na joto, au kwenye kabati upande wa pili wa chumba. Pia usidanganywe na weusi: mpingo wa kweli ni mzito mkononi, na mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu huacha alama ukiusugua kwa kitambaa cheupe. Jiwe la Kisii, lile la Tabaka, halina shida na joto. Kuna nchi za baridi ambako mawe ya aina hiyo hutumika kujengea majiko yenyewe, maana hushika joto na kulitoa polepole. Shida yake ni ulaini tu: hukwaruzika upesi, basi usilisukumesukume juu ya mawe, libandike kipande cha kitambaa chini. Vyungu vya udongo havina neno. Vibuyu vikavu na vyondo hapana, hivyo ni kuni.

Ninachokipenda kuliko vyote rafuni mwangu ni dele la shaba alilonipa mama mkwe, mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Ni lile dele la kahawa lenye mdomo mrefu uliopinda. Tumbo lake lina mbonyeo mmoja upande wa chini, na mwanga wa moto ukicheza juu yake, mbonyeo huo hung'aa kuliko sehemu nyingine yote. Tunalisafisha kwa ukwaju na jivu la meko yenyewe: unapaka ukwaju uliolowekwa, unasubiri kidogo, unasugua kwa jivu lililochekechwa, unasuuza na kukausha hapo hapo. Kitu kama hicho hakihitaji wenzake wengi.

Hapa ndipo lilipo jibu la duka lako la zawadi. Ukiingia nyumba kongwe za Lamu, utaona ukutani zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo wenyewe waliweka mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Ni vingi, lakini macho hayachoki, kwa kuwa kila chombo kina nyumba yake na kingo zake. Rafu ya meko haina kingo. Ni uwanja mmoja mrefu, na usipoweka mapengo wewe mwenyewe, vitu vinavamiana. Mimi huacha karibu theluthi moja ya rafu bila kitu kabisa, na pengo hilo halikai katikati. Kitu kirefu kiende upande mmoja, vifupi viwili vikaribiane nacho vikipishana mbele na nyuma, kisha nafasi, kisha kimoja peke yake.

Cha ukutani, iwe picha au kioo, kiwe na upana wa kama theluthi mbili za rafu, na kianzie sentimita 10 hadi 15 juu yake. Ukikipandisha zaidi kinaonekana kinaelea. Kabla ya kutundika kioo, keti kwenye kochi mtu akushikie, uone kitaakisi nini. Kikiakisi dirisha na miti, umepata. Kikiakisi taa ya dari, kitakuchoma macho kila usiku.

Vingine vije vyenyewe, kwa miaka. Nenda Maasai Market ukitaka, lakini rudi na kimoja. Nenda Gikomba kwenye vyombo vya mitumba asubuhi, ushike, ugeuze chini, ugonge kwa ukucha usikie kama kina ufa. Kwa wanaopenda vioo, kule Kitengela hutengenezwa vyombo kwa chupa na vioo vilivyoyeyushwa upya, na vipovu vya hewa vilivyobaki ndani hupendeza sana moto unapowaka nyuma yake au jua la jioni linapopita. Kila kinapoingia kimoja, kimoja kishuke. Usikitupe, kiweke sandukuni, mwakani kitarudi ukiwa umekikosa. Picha za wazee wetu waliotangulia nisingeziweka katikati hata siku moja. Joto hukunja karatasi na kuipausha, na picha nyingine za studio za zamani hazina nakala. Piga nakala uweke rafuni, ya asili ikae ndani ya albamu chumbani.

Mdomo wa meko wenyewe, miezi ya joto, usiuache uwe shimo jeusi. Fagia jivu lote, kisha panga humo kuni kavu za mkaratusi au muwati, ncha zilizokatwa zikitazama mbele, mpaka zijae vizuri. Hazigharimu, hazichakai, na Juni ikifika una kuni zilizokauka barabara. Chungu kikubwa chenye mafunjo makavu pia hupendeza, ila kitoe mapema kabla baridi haijaanza, watoto wasije wakawasha moto kikiwa bado ndani. Mawaridi weka juu miezi hiyo hiyo, maana juu ya moto hunyauka upesi sana. Maua ya jakaranda usijisumbue kuyakata, huanza kupukutika kabla hujamaliza kuyapanga.

Kuhusu televisheni, mimi nasimama upande wako. Joto hupanda moja kwa moja hadi pale, masizi huingia kwenye matundu ya nyuma, na shingo za watazamaji hubaki zimeinuliwa usiku kucha. Lakini usibishane na mzee kwa maneno. Chukueni kipimajoto cha chumba, kibandikeni ukutani mahali anapotaka televisheni ikae, muwashe moto mkubwa kama wa wageni kwa saa mbili, kisha msome pamoja. Vijitabu vya televisheni nyingi husema zisitumike penye joto linalozidi nyuzi 40. Ikizidi hapo, au hata ikikaribia, mwonyeshe ukuta wa pembeni, ambako waya ni fupi zaidi na macho yanaitazama sawasawa ukiwa umeketi.