Unga niliacha, uongo ukabaki

Nawaandikia nyie mliotoka juzijuzi soba, zile nyumba za kuachia unga wa heroini, na mnaokwenda kunywa methadoni, ile dawa ya badala ya unga, pale hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, mana mie nilidhani arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikishapita basi kazi imekwisha. Kutapika, kuharisha, mifupa inauma kama inasagwa, usingizi hamna, ilipopoa nikasema hapa nishavuka. Wapi! Mwili ulipona, mie nikabaki teja yule yule, tafauti sivuti tu.

Ntakupeni mfano. Nna miezi minne sijagusa kitu, bi mkubwa akanipa elfu ishirini nikamnunulie samaki Darajani. Nikarudi nikamwambia changu kapanda bei, nikabana elfu mbili. Ya nini? Sigara nnayo, nauli nnayo, sikuwa na shida nayo hata kidogo, ulimi tu umezoea. Siku ile ndo nikajua unga ulikuwa mgeni, mwenye nyumba ni uongo.

Zile hatua 12 za kuacha ulevi, zilizoanzia kwa walevi wa Marekani miaka ya 1930, ya nne inakutaka ukae na daftari ujikague mwenyewe. Mie kurasa tatu za mwanzo nikajaza kesi za watu, baba alinipiga, fulani kanipoteza, fulani kanionjesha. Sponsa wangu, mwenzetu aliyeacha zamani anayeniongoza kwenye hatua, akazisoma, akazikunja, akanambia "haya, hizi mpelekee hakimu, sasa niandikie zako". Nakushauri uandike vitu, usiandike sifa. Ukiandika "mimi mwizi" haikuumi, unaweza hata kujionea huruma. Andika baskeli ya ami, andika mtungi wa gesi wa dada, hapo utakumbuka na watoto wake walivyokwenda skuli na boflo kavu siku ile.

Alafu kuna ya 9, kurekebisha. Kwetu hilo si geni, tangu chuo cha Kurani tumesomeshwa kwamba haki ya Mungu utaomba toba ila haki ya mja mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Tatizo mateja ni hodari wa machozi na watu washayachoka. Nilimwendea ami nikaanza "ami niwie radhi", akanikata hapo hapo: "Radhi ushaniomba mara ngapi wewe? Baskeli yangu iko wapi?" Nikakosa la kusema. Wakati ule nilikuwa napakua mizigo bandarini Malindi, nikaanza kumpelekea elfu tano kila Ijumaa baada ya sala, na Ijumaa za mwanzo alikuwa anapokea hata hanitazami. Usikope ukalipe kwa mkupuo ili uonekane mwanamme, lipa kidogokidogo, mana kila wiki inabidi umwendee tena yule yule uliyemuibia, na hiyo ndo dawa yenyewe.

Kuna mmoja sikumwendea. Nilimuharibia sana, sasa kaolewa na ana watoto wake. Hatua yenyewe inasema rekebisha isipokuwa pale utakapomdhuru mtu, na kumpigia hodi kwa mumewe ili wewe upate usingizi ni ubinafsi ule ule wa zamani, umevaa kanzu tu.

Na ukiteleza ukavuta tena, sema siku hiyo hiyo, usione haya. Mwili uliokaa bila unga haukibebi tena kipimo cha zamani, wenzetu wamefia hapo, chooni, peke yao, kwa sababu walificha.

Jengine ni kuaminiwa. Usidai uaminiwe. Mie nilikuwa nanuna nikimuona bi mkubwa analala na pochi chini ya mto, najiona mtakatifu nimeonewa, na hereni zake niliziuza mie mwenyewe! Mpaka leo pochi iko chini ya mto. Ila wiki iliyopita kanituma tena Darajani, nimerudi nimemwekea chenji mezani, mia tano mbili na mia mbili moja, akazihesabu mbele yangu, moja moja. Nikasimama nikamsubiri amalize.