Ripoti ya safari ya injili

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nasoma chuo, Mbeya. Likizo tulivuka mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga, Malawi, kueneza injili. Nilibeba mahubiri matatu ya Kiswahili, na mkalimani juu. Bibi mwenyeji wetu akaanza kuomba kwa Kingonde. Nikaelewa karibu kila neno, maana ni ndugu wa Kinyakyusa chetu! Hubiri la kwanza lilinishinda. Nikaishia kumchotea maji na kumenya mihogo. Sasa kanisa lililonichangia nauli linauliza: wangapi wameokoka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usibuni idadi. Waeleze habari za bibi na mihogo, na nauli ilivyotumika hadi shilingi ya mwisho. (Wazee wa kanisa nawajua, nimekuwa mweka hazina.) Mahubiri mawili yaliyobaki, yaandike upya kwa Kinyakyusa.