Ukuta ukilowa usikimbilie rangi, jua kwanza unalowa saa ngapi

Wiki hii kuna dada kaniandikia inbox, anakaa ghorofa ya pili maeneo ya Sinza, Dar es Salaam, katuma picha ya ukuta wa chumba cha watoto, rangi imevimba mapovu mapovu na kwenye kona fangasi nyeusi imeshatambaa, anaomba nimtajie rangi nzuri ya kuzuia unyevu. Dada yangu, na wengine wote mnaoniuliza hivyohivyo, ukipaka rangi juu ya ukuta unaokunywa maji umeyafungia tu ndani. Yatatafuta pa kutokea, na baada ya muda utakuwa dukani unanunua ndoo nyingine.

Naliongea hili kwa uchungu kwa sababu limenikuta mwenyewe.

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, Upanga, jengo la miaka mingi lenye familia nyingi. Ukuta ulioanza kulowa ni wa chumbani, upande wa korido, pale chini karibu na soketi. Sasa bafu letu liko upande mwingine kabisa, jiko hivyohivyo, na ukuta wenyewe hautazamani na nje. Fundi wa kwanza aliyeletwa na mwenye nyumba akaugongagonga, akakwangua ule unga mweupe kwa kucha akasema hii chumvi ya ardhini, huku mko karibu na bahari. Akapiga dawa ya chumvi, akapiga skimu (ile plasta laini ya juu), rangi, akalipwa akaenda zake. Jamani, chumvi ya ardhini ghorofa ya tatu! Unyevu wa ardhini unapanda kuta za nyumba ya chini, na kwa kawaida hauvuki sana mita moja kutoka usawa wa ardhi, kwetu ungefikaje? Ule unga ni chumvi iliyomo kwenye saruji, mchanga na tofali lenyewe, maji yakipita yanaiyeyusha na yakikauka yanaiacha juu. Unachojua hapo ni kwamba maji yamepita, yametoka wapi bado hujui.

Doa likarudi, tena kubwa zaidi. Mwenye nyumba, mzee wa watu na ninamheshimu mpaka leo, akaniambia "binti yangu, nyie mnafunga madirisha kutwa kwa ajili ya AC, ukuta unatoka jasho huo." Nikaleta hoja kwenye grupu la WhatsApp la jengo, mwenyekiti akaandika mbele ya watu wote kwamba kuna wapangaji wamezoea kulalamika na wanachonganisha majirani. Iliniuma, na bado inaniuma nikiikumbuka, maana mtoto wangu alikuwa analala kwenye chumba kile na usiku anakohoa mpaka tunahamishia godoro sebuleni.

Nikasema sawa, nitalitafuta mwenyewe. Nikaanza na hilo la jasho. Nikakata foili ya jikoni kipande ukubwa wa sahani, nikakibandika pembeni ya doa, kingo zote nne kwa selotepu, nikaiacha mpaka kesho yake. Kama unyevu ni wa hewa ya chumbani matone yanakaa upande wa foili unaotazama chumba, kama unatoka ndani ya ukuta yanakaa nyuma. Ya kwetu mbele kavu kabisa, nyuma inadondosha. Nikaipiga picha nikamtumia mzee, hakuongea tena habari ya madirisha.

Halafu penseli. Hapa ndio nataka mnisikilize vizuri maana ndio kila kitu. Kila jioni nilikuwa nachora mstari kuzunguka ukingo wa doa, naandika na tarehe palepale ukutani. Watu wengi wanahangaika na doa liko WAPI, wakati maji ndani ya jengo hayaanguki wima, yanalala juu ya slabu (zege la sakafu ya ghorofa), yanafuata ufa, yanafuata paipu, yanaweza kutokea mbali kabisa na yalikoingilia. Saa ndio haidanganyi. Ukuta unaolowa mvua ikinyesha, wakati wa masika au vuli, basi nenda kwenye paa, kwenye nyufa za nje, chini ya madirisha. Unaolowa mfululizo bila kupumzika, shuku bomba la maji safi maana lile lina presha muda wote, funga mabomba yote ndani kabla ya kulala, soma mita, soma tena asubuhi, kama imesogea maji yanapotea mahali. Unaolowa na kupumzika, lowa na kupumzika, na jua linawaka, hayo ni maji machafu, yanapita pale tu mtu anapoyamwaga.

Letu lilikuwa linatulia siku za kazi, mwisho wa wiki linavuka mstari. Na kilikuwa kiangazi, hakuna hata wingu.

Nikapanda juu kwa mama jirani. "Shikamoo mama, samahani, Jumamosi huwa mnafua?" Akasema ndio mwanangu, mashine inafanya kazi tangu asubuhi, lakini bafu langu kavu, njoo uone. Na kweli sakafu ilikuwa kavu, hakunidanganya. Kwa ruhusa yake tukaziba trapu ya sakafuni (lile tundu linalopitisha maji machafu) kwa kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, tukamwaga maji ya kina cha vidole viwili, tukayaacha mpaka kesho yake. Kwangu doa halikusogea, kwa hiyo sakafu inashika maji. Tukazibua, yakaenda yote kwa mpigo, na jioni ukuta wangu ukawa unang'aa.

Fundi bomba alipokuja akazima umeme wa nyumba nzima kwanza (tafadhali sana, maji yakiwa karibu na soketi usiguse kitu kabla ya kuzima meni swichi) akafungua ile soketi. Ndani ya kisanduku kuna maji, ukiyashika yanateleza, yananuka sabuni ya unga. Yanachuruzika kwenye mdomo wa paipu ya nyaya. Juu kule kiungo cha trapu kilikuwa kimeachia, maji ya kufulia yanaingia kwenye slabu, yakakuta paipu ya umeme iliyolazwa ndani ya zege yakaifuata mpaka kwetu. Ndio maana yalitokea ukuta usio na bafu wala jiko.

Siku hizi jengo zima ukuta ukilowa wananigongea mimi, na ninafurahi. Ila wenye nyumba acheni kumtupia mpangaji lawama kabla hamjapima chochote, na mafundi acheni kuuza dawa kwa kitu ambacho hamjakijua. Na wewe mpangaji usiogope kuonekana mkorofi, weka picha zenye tarehe, andika meseji badala ya kupiga simu, nenda kwa jirani kwa salamu na heshima maana mara nyingi naye hajui. Kama jengo lina wamiliki wengi, hapa Tanzania kuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, maeneo ya pamoja yanasimamiwa na umoja wa wamiliki, kwa hiyo bomba linalotumiwa na wote si la kumwachia mtu wa chini ahangaike nalo peke yake.

Na baada ya kuziba msipake rangi siku hiyohiyo. Kwa makadirio ya mafundi, nchi moja ya unene wa ukuta inataka kama mwezi kukauka, hivyo tofali la nchi sita linahitaji subira. Bandua plasta iliyooza, fungua madirisha, washa feni, endelea kuchora penseli. Mstari ukikaa bila kuvukwa na foili ikitoka kavu pande zote mbili, hapo ndio unamwita fundi wa rangi.