Mume wangu anamgombeza Mungu usiku. Nirudi kwa wazazi?

*Shangazi, shikamoo. Miezi minane iliyopita tulimzika mtoto wetu wa pekee baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Mimi nimeshukuru kwa yote, maana Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Sijalia tangu siku ya mazishi, Mungu amenipa nguvu, na bado naongoza maombi ya akina mama. Tatizo ni mume wangu. Usiku wa manane anatoka nje na kumwambia Mungu kwa sauti, "Umenidhulumu. Nijibu." Hali, halali. Wenzangu wanasema hiyo ni kufuru na laana yake itaniangukia na mimi, nirudi kwa wazazi mpaka atubu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na mwenzako. Hakuna wa kuwafidia kwa hilo, nami sitajaribu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini leo naanza na la asiyekuwapo. Mumeo hajakufuru. Mtu akimwambia Mungu "nijibu", anaamini kuna anayesikia. Aliyeiacha imani hakatishi usingizi kwenda kugombana na hewa.

Umeninukulia Ayubu, ila umeishia sura ya 1 na kitabu kina sura 42. Fungua ya 3 umkute mtu huyohuyo akiilaani siku aliyozaliwa. Nenda ya 10, anamuuliza Mungu kwa nini alimtoa tumboni. Wale rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hapo walifanya la maana. Walipofungua midomo kumtetea Mungu ndipo walipoharibu. Mwisho wa kitabu Mungu anawaka hasira juu yao, anasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama Ayubu, na yule mpiga kelele ndiye anayeambiwa awaombee. Wenzako wasome hapo kabla hawajakufungashia virago.

Martha naye alimpokea Yesu kwa lawama usoni: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu akaja na maneno yaleyale. Hakuna aliyefukuzwa. Yesu alilia. Na Zaburi ya 88, tofauti na nyingi za maombolezo, haina hata kifungu cha shukrani mwishoni. Inafungwa gizani, na bado imo ndani ya Biblia unayoibeba Jumapili.

Sisemi kila hasira ni sala. Waisraeli jangwani walinung'unika hemani mwao, wakimsema Mungu pembeni. Mumeo anamsema mbele yake. Pembeni wanasema wengine, nadhani unawajua.

Sasa zamu yako. Barua yako halisi ina kurasa tatu, hapo juu nimeifupisha. Mtoto umemtaja mara moja, tena bila jina. Waliobaki ni mumeo na makosa yake. Na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho kuna mstari ulioukatakata kwa kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nimeuinua kwenye taa nikausoma: "Na mimi niliomba pia." Kwa kurasa tatu hilo ndilo neno pekee lililomlenga Mungu, nawe ukalifuta!

Wewe humwogopi mumeo kwa kufuru. Unamwogopa kwa sababu anatamka unayoyameza. Nguvu unayoisifia, ya miezi minane bila chozi, mimi naiona ni woga uliovaa kitenge cha kanisani. Unadhani Mungu akisikia kwamba umemkasirikia, atakuchukulia na kilichobaki. Mficha maradhi kilio humfichua, na chako kitakufichua mbele ya hao unaowaongoza.

Ndoa za siku hizi zinanishangaza. Watu wanaapa shida na raha mbele ya halaiki, raha wanaila pamoja, shida ikibisha hodi kila mmoja anashika mlango wake: mume uani, mke kwenye kikundi. Siri za kitandani mnazipeleka kikaoni zikapigiwe kura. Kisha mnataka mchungaji awarudishie mapenzi kwa maombi ya dakika tano. Mtu uliyeshindwa kulia naye utacheka naye lini? Haya, nimeanza kuhubiri. Nirudi kwako.

Huhami. Akitoka usiku, toka naye. Usimsahihishe, usimnukulie kifungu, usiseme "usiseme hivyo." Keti. Ukipata sauti, sema ule mstari ulioukata, umwambie Mungu mumeo akisikia, na mtoto umtaje kwa jina lake. Ukikosa maneno, Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu na inaanza na "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Isomeni hivyohivyo. Hata kama siku hiyo hamkufika na mioyo yenu kwenye mstari wa mwisho, hakuna anayewasimamia kwa saa.

Uongozi wa maombi mwachie mwingine kwa sasa. Wakiuliza sababu, waambie umefiwa.

Hilo la kutokula na kutolala lisisubiri kikundi kifunge. Mpeleke kwa daktari wiki hii, uingie naye ndani, na daktari akigeuka kukuuliza wewe unalalaje, usimjibu kwamba Mungu amekupa nguvu.